Kisanduku Nilichokijaza Mapema

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili alasiri. Nina uhakika, kwa sababu mwandishi wa daftari la mchezo anatakiwa kuandika saa ya kila jambo lisilo la kawaida, na mimi niliangalia saa yangu kwa mazoea tu nikaandika pembeni mwa ukurasa: 4:22. Baada ya namba hizo sikuandika kitu. Sikujua jambo lenyewe niliite nini.

Mpigaji wa timu pinzani aliupiga mpira juu sana, kuelekea katikati ya uwanja wa mbali. Mchezaji wetu akarudi nyuma hatua nne, akaudaka. Wenzake wakapiga makofi. Meneja wetu alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi, uso wake umeelekea kule kule mpira ulikokwenda. Makofi yalipokwisha aliinamisha kichwa upande wangu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Karani, nani kaudaka?"

Mtu huyu alikuwa amejipatia riziki yake kwa miaka kumi na mmoja kwa kusimama mahali pale pale na kudaka mipira ya namna ile ile. Mpira ulikuwa umekaa hewani muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka tano. Jua lilikuwa nyuma yetu.

"Namba nane," nikamjibu.

"Vizuri," akasema, akapiga makofi mawili, peke yake, wenzake wakiwa wameshanyamaza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili ya msimu wa kiangazi, mwezi wa Oktoba, mwaka wa kwanza wa korona, katika kiwanja cha halmashauri kilichoko Rooty Hill, magharibi mwa Sydney.

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga hatuchezi besiboli, kwa hiyo inanibidi nieleze nilifikaje kwenye benchi lile. Mke wangu ni Mkenya, na anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee inayotazamana na kiwanja hicho. Siku za Jumamosi nilikuwa namsubiri amalize zamu. Mwanzoni nilisubiri ndani ya gari. Kisha nikaanza kusimama kwenye uzio na kuangalia mchezo nisiouelewa hata kidogo, na kwa kuwa siwezi kuangalia kitu nisichokielewa mikono ikiwa mitupu, nikawa naandika ninachokiona nyuma ya karatasi za kupokelea mizigo nilizotoka nazo kazini. Kazi yangu ni kuhesabu bidhaa katika ghala moja huko Smithfield. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengi ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, jioni, kwa mpangilio, kitabu kimoja hadi mwisho kabla ya kufungua kingine.

Msimu uliotangulia, meneja aliniona nikiandika. Akaja mpaka kwenye uzio.

"Unaandika nini?"

"Ninachokiona, mzee."

Mazungumzo yetu yote yalikuwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Lakini neno hilo moja, mzee, lilinitoka lilivyo, naye alipouliza maana yake nikamweleza, akasema hajawahi kuitwa mzee akafurahi. Aliichukua karatasi yangu, akaiweka karibu mno na uso, akaisoma kwa dakika nzima. Nakumbuka niliona ajabu jinsi alivyoisogeza taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani.

"Hii si namna yetu ya kuandika," akasema. "Lakini haina kosa hata moja."

Jumamosi iliyofuata alinipa penseli na daftari halisi. Nikaazima kitabu cha sheria maktaba, nikakisoma mara mbili nikiandika maelezo. Katika daftari lile kila mchezaji anayelinda uwanja ana namba yake, kuanzia moja kwa mrushaji hadi tisa kwa yule anayesimama mbali, upande wa kulia. Saba yuko mbali kushoto. Nane yuko mbali katikati. Kila mpigaji naye ana kisanduku chake, na ndani ya kisanduku kuna mraba mdogo uliosimama kwa pembe, alama ya vituo vinne. Mchezaji akivizunguka vyote akarudi nyumbani, pale alipoanzia kupiga, kapata pointi, nawe unakijaza kisanduku chote kwa penseli mpaka kiwe cheusi. Nilipenda kuvijaza visanduku. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya iliyokuwa na mwisho unaoonekana wazi namna ile.

Meneja mwenyewe, enzi zake, alikuwa nane. Alizaliwa hapa hapa magharibi mwa Sydney, akachukuliwa Marekani akiwa na miaka kumi na tisa, akacheza huko kwenye ligi za chini, katika miji ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na kiwanja kimoja na taa moja ya barabarani. Mara moja tu alipandishwa ligi kuu. Alikaa huko siku tisa. Hakunisimulia alichokifanya siku hizo tisa. Alinisimulia rangi ya nyasi. Alirudi nyumbani magoti yakiwa yamechoka, akafanya kazi za ujenzi, akawa kocha, kisha meneja wa vilabu vidogo, na mkewe alipofariki akabaki na klabu yetu peke yake. Ilimlipa kiasi kidogo kwa msimu, na fedha haikuwa sababu ya yeye kuja. Alikuja kwa sababu kila Jumamosi kulikuwa na watu kumi na tano waliogeuka kumsikiliza alipofungua mdomo.

Alinifundisha jambo moja ambalo sijalisoma katika kitabu chochote. Alisema mchezaji wa mbali aliye hodari hautazami mpira. Anausikiliza. Sauti ya gongo ikigonga mpira inamwambia urefu na nguvu. Yeye anageuka, anaupa mpira mgongo, anakimbia mpaka mahali utakapoangukia, na huko ndiko anainua macho.

"Ukiuangalia njia nzima umechelewa," alisema. "Mtu mzima hakimbilii mpira, Karani. Anakwenda kuupokea."

Kwa sababu hiyo aliweza kujificha muda mrefu. Mwaka ule korona nayo ilimsaidia. Watazamaji walizuiwa, kisha wakaruhusiwa wachache. Kila aliyeingia alipaka dawa mikononi na kupiga picha kwa simu ule mraba wenye madoa uliobandikwa getini, ili kujiandikisha. Hapakuwa na kelele. Kiwanja kilikuwa kimya kiasi kwamba uliweza kusikia viatu vya mchezaji wa mbali vikikwaruza nyasi, na meneja aliwajua wachezaji wake wote kwa hatua zao. Alikuwa anasema, "Saba amechoka leo," na kweli saba alikuwa amechoka.

Kilichomshinda kilikuwa mpira uliopanda juu na kukaa kimya hewani. Hapo ndipo aliponihitaji mimi.

Baada ya ile saa kumi na dakika ishirini na mbili aliniuliza tena mara mbili siku hiyo hiyo. Jumamosi iliyofuata nilianza kumwambia kabla hajauliza. Kwa Kiingereza isingewezekana, kwa kuwa benchi la wapinzani halikuwa mbali na kila mtu mchezoni anazijua namba hizo. Nikamfundisha kwa Kiswahili. Alijifunza moja hadi tisa kwa alasiri moja, akizirudia kwa midomo kama mtu anayesali. Mpira ukipigwa, mimi nilisema, macho yangu yakiwa uwanjani: "Saba." "Nne." "Nane." Baadaye tukaongeza maneno mawili, karibu na mbali, ili ajue mpira umemfikia mlinzi au umempita. Wachezaji walidhani tunatania. Mmoja wao, fundi wa kubandika vigae, mtu wa miaka thelathini na nne aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko miguu, alitupigia kelele kutoka uwanjani:

"Bosi, huyo karani anakulogea wapinzani nini? Mwambie aongeze dozi, bado tunafungwa!"

"Anazikariri siku zako zilizobaki kwenye timu," meneja akamjibu, na benchi zima likacheka.

Katika kucheka kule hakuna aliyegundua chochote, na mimi nilijiona nimefanya jambo jema. Kule kwetu pwani tumelelewa hivyo. Mzee akiangusha kitu, unakiokota kabla hajajua kuwa kimeanguka. Akisahau jina la mtu, unalitaja wewe kana kwamba ulikuwa unataka kulitaja. Hilo tunaliita kumsitiri mtu, na mtoto asiyejua kusitiri anaonekana hakulelewa. Nilikuwa na miaka arobaini na nane na sikuwahi kuhoji kama kusitiri kunaweza kuwa kosa.

Mke wangu aligundua kwa dakika tatu. Alikuja kwenye benchi baada ya zamu na chupa ya chai, akamimina vikombe viwili, kimoja akakiweka kushoto kwa meneja. Meneja alimshukuru, akanyoosha mkono, akakipiga kikombe kwa kifundo cha mkono. Chai ikamwagika kwenye ukurasa wangu. Alicheka, akasema magoti yameshaharibika na sasa mikono inafuata.

Ndani ya gari mke wangu hakuwasha injini.

"Huyo jamaa haoni," akasema.

"Anaona. Amesoma maandishi yangu."

"Haoni kando. Upande wa kushoto ni kama hauko. Miaka tisa nafanya hii kazi, si nawajua? Hiyo ni presha ya macho. Inakula polepole, na ikishakula hairudishi. Ameenda kwa daktari?"

Nilijua jibu. Alikuwa amenionyesha barua. Kliniki ya macho ilimwandikia kwamba miadi yake imeahirishwa kwa sababu ya korona, na kwamba akiona mabadiliko yoyote apige simu kupanga siku nyingine. Aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake. Hakuwahi kupiga simu. Alisema, "Msimu ukiisha."

"Atakwenda msimu ukiisha," nikasema.

"Aki wewe! Na wewe unamwambia namba ndio asijue hajui?" Alinigeukia. "Nyinyi Watanzania, nyumba ikishika moto mnabisha hodi kwanza."

"Nikimwambia mbele za watu nitamvunjia heshima."

"Nani amesema mbele za watu? Mwambie mkiwa wawili. Ama niende nimwambie mimi."

Nilimwomba asiende. Nilimwahidi nitasema. Kuanzia siku ile hadi mwisho wa Februari kulikuwa na Jumamosi kumi na tatu, na kila Jumamosi tulikaa wawili kwenye benchi lile dakika thelathini kabla wachezaji hawajafika. Mara kumi na tatu nilikuwa na nafasi. Nilichonga penseli.

Mchezo wa mwisho wa Februari tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yetu ya mwisho ya kupiga. Fundi vigae alikuwa amefika kituo cha pili. Timu yetu ikipiga, meneja hakai kwenye benchi. Anasimama uwanjani, kando ya kituo cha tatu, kuwaongoza wanaokimbia. Akizungusha mkono, mkimbiaji anaendelea nyumbani. Akiinua mikono yote miwili, anasimama. Mkimbiaji hageuki kuangalia mpira, kwa sababu uko nyuma yake na kugeuka kunampunguzia mwendo. Anamwangalia meneja. Kiti changu kilikuwa mwisho wa benchi, hatua tano kutoka mahali aliposimama, na wavu tu kati yetu.

Mpira ulipigwa chini chini kuelekea kulia. Mlinzi wao akaukimbilia, akaukosa, ukampita.

"Tisa. Mbali," nikasema.

Ilikuwa kweli. Kwa sekunde ile ilikuwa kweli kabisa. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, nilijua kitakachofuata: fundi vigae atafika nyumbani, pointi itapatikana. Nikainamisha kichwa nikaanza kukijaza kisanduku chake.

Ningali nasikia penseli ile kwenye karatasi. Nilikuwa nimejaza nusu.

Mpira ulikuwa umegonga mguu wa chuma wa uzio na kurudi moja kwa moja mkononi mwa mlinzi. Sikuliona hilo, niliambiwa baadaye. Nilichokiona nilipoinua kichwa ni mkono wa meneja ukizunguka, ukizunguka, mpana, wa furaha, na fundi vigae akikata kona ya kituo cha tatu huku amemkazia macho yeye. Na mpira ulikuwa tayari ndani ya glavu ya mdakaji, nyumbani, ukimsubiri. Ningeweza kusema neno. Karibu, lingetosha. Fundi vigae alipouona mpira alijaribu kusimama. Kiatu kiliganda kwenye udongo, mwili ukaendelea, goti likageukia upande ambao goti haligeukii.

Kabla majeruhi hajapiga kelele, meneja aligeuza uso kwenye wavu.

"Sauti gani hiyo?" akaniuliza.

Uchunguzi wa klabu ulifanyika kwa simu ya video, watu watatu wa kamati, meneja na mimi. Waliniomba niwatumie picha ya ukurasa. Niliwatumia. Kisanduku nilikuwa nimekifuta, lakini kifutio changu hakikuwa kizuri, na kivuli kilibaki. Hakuna aliyekiuliza. Mwenyekiti aliuliza meneja aliona nini.

"Nilikadiria vibaya," alijibu. "Nilimtuma mimi. Hakuna mwingine."

Wakamwambia mambo hayo hutokea, na kwamba watazungumza naye kuhusu msimu ujao majira ya baridi yakiisha. Alishukuru. Kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa, na sikukiwasha.

Bima ya klabu ililipa hospitali. Haikulipa siku za kazi, na mtu anayebandika vigae anafanya kazi kwa magoti.

Kisha ikaja lokdauni ya mwaka wa pili, ile ndefu. Sisi wa magharibi tulibanwa zaidi ya wengine: mazoezi saa moja kwa siku, kilomita tano kutoka nyumbani, helikopta ikipita juu. Niliruhusiwa kwenda ghalani kwa sababu mizigo haikusimama, na kila siku ya tatu nilichokolewa pua kupimwa korona, nikiwa kwenye gari, kabla ya zamu. Ghalani tulipungua, tukatenganishwa kila mtu na safu yake. Nilihesabu maboksi kwa sauti ili nisipotee, na kila nilipofika nane nilisimama. Nilikuwa nasubiri mtu aseme "vizuri." Nilianza kuruka namba hiyo. Msimamizi aliniita ofisini kwa sababu hesabu zangu, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, hazikulingana.

Siku moja ya Agosti simu ililia.

"Karani. Kiwanja kiko ndani ya kilomita tano zako?"

"Moja na nusu, mzee."

"Basi njoo. Nitaleta gongo."

Nilimkuta tayari amesimama katikati ya uwanja wa mbali, mahali pa nane, na glavu nyeusi ya zamani. Alikuwa amekonda. Kwenye udongo, nyumbani, aliniachia gongo na ndoo ya mipira. Alipaza sauti: nirushe mpira kidogo juu, niupige, basi. Sikuwahi kushika gongo maishani. Wa kwanza niliukosa. Wa pili ulibiringika. Wa tatu ulipanda, na yeye akageuka, akakimbia, akainua macho na mkono, na ukatua hatua mbili tu pembeni yake. Akacheka kwa sauti. Kwa miezi mingi sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Wa sita niliupiga kwa nguvu zangu zote. Gongo lililia vizuri, sauti nene, safi. Lakini niliugonga chini mno. Ulipanda wima juu ya kichwa changu na kuangukia nyuma ya mahali pa mrushaji, hatua thelathini tu kutoka niliposimama. Sauti ilikuwa ya mpira mkubwa, mpira ukawa mdogo.

Yeye aliisikia sauti. Aligeuka akaupa mgongo, akakimbia kama nilivyowahi kumwona akionyesha wachezaji, kichwa chini, bila wasiwasi, mpaka karibu na uzio. Hapo akasimama, akageuka, akainua glavu. Alisubiri. Anga lilikuwa jeupe, tupu. Aliisogeza glavu kidogo kushoto, akairudisha. Mpira ulikuwa umelala kwenye nyasi mbele yangu. Naye alizidi kusubiri, mkono juu, kwa muda ambao hakuna mpira uliowahi kukaa hewani.

Hivyo ndivyo ninavyomwona mpaka leo, zaidi ya goti, zaidi ya kisanduku. Nikifumba macho yupo pale.

Mwishowe aliushusha mkono.

"Karani!" aliita kutoka mbali. "Nani kaudaka?"

Hapakuwa na mtu mwingine katika kiwanja kile. Neno la kumsitiri lilikuwa mdomoni, nane, tamu, limezoea njia yake. Nililimeza.

"Hakuna," nikasema. "Umeanguka hapa kwangu. Mzee, huoni."

Alitembea kuja kwangu. Ilimchukua muda mrefu na sikujua niweke wapi mikono. Alipofika alikaa juu ya ndoo ya mipira.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya pili ya msimu."

"Na hukusema."

"Sikutaka kukuaibisha."

Alivua barakoa, akajifuta uso nayo.

"Mimi nilikuwa nakuambia," akasema. "Kila nilipokuuliza nani kaudaka, nilikuwa nakuambia. Nilikuwa nasubiri useme, kwa nini unaniuliza, si umeona mwenyewe? Ungesema hivyo mara moja tu, ningekwenda. Peke yangu sikuweza." Akaivua glavu. "Halafu ukanifundisha namba."



Jioni ile ile nilimsimulia mke wangu, akapiga simu kliniki mwenyewe, kwa sauti anayoitumia kazini, na siku mbili baadaye nilimpeleka meneja huko. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyejifunika plastiki usoni. Alisema jicho la kushoto limekwisha. Jicho la kulia limebaki na kitundu katikati, kama kuangalia kupitia bomba, na matone yatakilinda. Meneja aliuliza swali moja: kama angekuja Oktoba.

"Oktoba tungekuwa na mengi ya kulinda," daktari akasema, akaanza kuandika dawa.

Niliyahesabu majuma njia nzima ya kurudi, kwa kuwa sijui kufanya kingine. Kuanzia ile Jumamosi ya pili yalikuwa arobaini na manne.

Meneja aliwaandikia watu wa kamati mwenyewe, akawaeleza yote kuhusu macho na kuwaambia wasimfikirie kwa msimu ujao. Jina langu hakulitaja. Mpaka wa jimbo ulipofunguliwa Desemba, dada yake alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye kaskazini. Siku ya kuondoka nilimkuta barazani na masanduku mawili. Alinipa mkono, nikauona ukinitafuta kidogo kabla ya kunipata.

"Vipi ghalani?"

"Nimerudi kuhesabu nane," nikamwambia.

"Vizuri," akasema.

Baada ya wiki moja nilipokea bahasha yenye dola mia saba na kipande cha karatasi, herufi kubwa zinazopanda mlima: *Hii ni nusu ya malipo yangu ya msimu. Nusu ya michezo uliiona wewe.*

Mke wangu alisoma, akairudisha mezani. "Hizo si zako," alisema, "na wewe unajua ni za nani."

Fundi vigae anaishi Ingleburn. Nilikwenda Jumapili, na daftari. Alikuwa amerudi kazini siku tatu kwa juma, akibandika vigae vya ukutani tu, amesimama. Alinikaribisha karakanani kwake na kuniwekea kiti, yeye akakaa kwenye pipa, mguu umenyooka mbele. Nilimweleza yote kwa mfuatano, kuanzia saa kumi na dakika ishirini na mbili. Nilimfungulia ukurasa nikamwonyesha kivuli ndani ya kisanduku chake. Alikiangalia muda mrefu.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Mimi namwangalia mzee. Mzee haoni, anakusikiliza wewe. Na wewe unaandika."

"Ndiyo."

"Unaandika kwamba nimefika."

"Ndiyo."

"Jamani." Alicheka, kisha akaacha. "Bosi angeniambia tu. Ningegeuka mwenyewe kuangalia mpira. Ningepoteza hatua moja tu."

Nikampa bahasha. Hakukataa wala hakushukuru; aliiweka juu ya rundo la vigae, akaikandamiza kwa koleo lake ili upepo usiichukue. Nikamwomba jambo moja, na nikaona kuwa analiona ombi la ajabu, lakini mimi siwezi kuacha ukurasa ukiwa na alama isiyo na maelezo. Nilitaka kujua, kwa miezi yote ile, amepoteza kiasi gani cha mapato ya kazi.

Alikuwa nacho kichwani. Alikisema bila kufikiri. Nikakiandika kwa wino ndani ya kisanduku, juu ya kivuli: dola elfu thelathini na moja, mia nne na themanini.